Kutoka video za harusi kwenda dokumentari za wanyama na mila, kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini inawezekana?

ShotiUyole

Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri wa kweli hasa kwa wale wanaoijua hii kazi kwa ndani.

Mimi ni kijana nipo Mbeya maeneo ya Uyole, napiga video. Harusi, sendofu, kipaimara, misiba, mahafali, chochote kinachokuja. Msimu ukiwa mzuri napata hela ya kula na kodi na kidogo naweka, Kwaresma ikifika kazi inakata na mvua za huku ndo kabisa. Sio kwamba nalalamika, kazi inanilisha mimi na mke wangu na mtoto. Ila moyo wangu upo kwenye dokumentari za wanyama na za mila za watu, tangu nipo sekondari nilikuwa nikikaa mbele ya tivii ya jirani naangalia mpaka wananifukuza. Na kila nikiangalia ni Serengeti, Ngorongoro, Wamasai, nyumbu wanavuka mto, basi. Utadhani Tanzania inaishia Arusha. Wakati sisi tuna Ruaha, tuna Kitulo na maua yake, tuna kipunji, yule kima ambaye hayupo nchi nyingine yoyote, tuna Ziwa Nyasa, tuna Wanyakyusa, Wasafwa, Wakinga, Wahehe, Wabena, Wasangu, kila mmoja na ngoma zake na mambo yake, na sijaona mtu wa huku anayaweka kwenye picha kwa maana ya kuyaweka.

Nnachomiliki ni kamera moja nzuri tu ya kisasa, lenzi mbili fupi za harusi, gimbali, droni ndogo, laptopu inayoediti bila kunung'unika. Akiba ninayo kiasi.

Maswali yangu. Je ninunue kwanza lenzi ndefu ya wanyama maana bei zake zinatisha, inabidi niuze droni na niongezee akiba yote? Je nihamie Arusha ambako ndo watalii na kampuni zipo? Je nikasome, na nikasome nini, filamu au wanyamapori? Na kubwa zaidi, hii kazi inalipa kwa Mtanzania wa kawaida au ni ya wazungu wenye mashirika nyuma yao? Nina familia, sitaki kurukia kitu kwa hisia tu.

Natanguliza shukrani.

---

SowetoMjini

Kaka nakuheshimu kwa ndoto ila ngoja niseme ninachokiona. Dokumentari moja ya wanyama wale jamaa wanakaa porini miezi hata miaka wakisubiri chui apite, nani anakulipa wewe miezi yote hiyo na mke yupo nyumbani anadaiwa ada? Televisheni zetu hazinunui dokumentari, zikikupa nafasi utaambiwa ulete mdhamini wako mwenyewe. Harusi watu watafunga kila mwaka. Mimi ningekushauri uboreshe hapo ulipo, hizo za wanyama fanya kama kitu cha roho ukipata nafasi. Sikukatishi tamaa, nafikiria huyo mtoto.

---

Mpiga_Kihesa

Kamwene mdogo wangu. Mimi nipo Iringa na hii ndo kazi yangu, nilianza kwa kubeba tripodi na mabetri ya timu ya nje iliyokuja kupiga Ruaha, baadae nikawa asistenti wa kamera, sahivi napiga mwenyewe. Nitaandika kirefu unisamehe.

Huyu ndugu wa Soweto ana hoja kwenye hela na nitarudi hapo. Kwanza lenzi. Usiuze kitu chochote. Lenzi ndefu inakodishwa Dar, ukipata kazi inayoidai unaiweka kwenye bajeti ya kazi, anayekuajiri analipa. Ukiinunua leo kwa akiba yote itakaa kwenye begi inaota ukungu, na unyevu wa Mbeya unaujua. Alafu nani kakwambia mnyama lazima awe simba? Hapo nyuma yako kwenye milima ya Poroto na Rungwe kuna kinyonga wa pembe tatu ambaye anaishi kwenye hii milima yetu tu, ni mzuri kuliko wanyama wengi mnaowajua, na anapigwa kwa lenzi fupi, ile tu yenye uwezo wa kusogea karibu. Kaa naye asubuhi kabla jua halijashika, yupo mweusi mweusi anakusanya joto, ubavu ameugeuzia kwenye mwanga, jicho moja linaangalia inzi jingine linakuangalia wewe. Usimshike, usimhamishe tawi ili upate mwanga mzuri. Subiri. Akianza kutembea ile ya kusita sita, mguu mmoja mbele unarudi nyuma, hapo ndo unajua kama una uvumilivu wa hii kazi au huna, na haijakugharimu zaidi ya nauli ya Coaster.

Pili Arusha. Hapana kabisa, na hapa nasema kwa msisitizo wote nilionao. Arusha kuna mafundi wengi wenye magari na vifaa na majina, utakuwa mtu wa mia kwenye foleni. Huku utakuwa wa kwanza au wa pili. Timu ya nje inakuja wiki tatu inaondoka, kama mvua imechelewa na maua ya Kitulo hayajafunguka wanarudi na mawingu. Wewe unaweza kupanda Kitulo Novemba ukaona majani yanaanza, ukarudi Januari maua yamejaa, ukarudi Juni asubuhi barafu imelala kwenye nyasi, sehemu ile ile umesimama pale pale. Ukifanya hivyo misimu miwili mitatu una kitu ambacho kampuni ya filamu za wanyama ya kule Bristol, Uingereza, haiwezi kukinunua kwa hela zake zote bila kupita kwako. Hugo van Lawick, mpiga filamu wa wanyama, alifika Gombe mwaka 1962 kupiga picha za sokwe wa yule mtafiti Jane Goodall, baadae akaweka kambi Ndutu kule Serengeti akaishi humo miaka zaidi ya thelathini, na amefia hapa hapa Dar mwaka 2002. Alibaki sehemu moja ndo maana aliona ambayo wengine hawakuyaona. Sasa yeye alitoka Ulaya ikabidi ajifunze kila kitu, wewe umezaliwa hapo Uyole unaongea na mama muuza viazi na mzee wa Kisafwa bila mkalimani, alafu unataka kuviacha uhamie kwa watu?

Tatu kusoma. Mweka ni chuo kizuri cha wanyamapori, kipo tangu 1963, Bagamoyo pale TaSUBa kuna sanaa, Chuo Kikuu cha Dar napo kuna habari na sanaa. Kama una nafasi na ada nenda, ila kwa hali yako ya familia ningesema anza kwanza alafu tafuta mafunzo mafupi. Kuna watu wanaitwa NEWF wapo Afrika Kusini, wanafundisha na kuwashika mkono Waafrika wanaotengeneza filamu za asili na mazingira, hao wafuatilie kwa karibu nafasi zao zikitangazwa. Ila watakuuliza umeshapiga nini. Hapo lazima uwe na kitu cha kuwaonesha hata cha dakika tano.

Harusi usiidharau. Imekufundisha kupiga tukio ambalo halirudiwi, pete ikivikwa imevikwa, mwanga mbovu, watu wanapita mbele ya kamera na bado unatoka na picha. Mnyama naye harudii. Kitu ambacho harusi haijakufundisha ni sauti, maana kule unaweka muziki juu unamaliza. Huku sauti ni nusu ya kazi. Nunua maiki nzuri na manyoya yake ya kuzuia upepo, Kitulo ule upepo utakuharibia kila kitu, na kila sehemu unayofika kabla hujaondoka nyamaza, rekodi dakika mbili za sehemu yenyewe bila mtu kuongea. Na punguza slo moshen na gimbali. Simamisha kamera, acha kitu kitokee ndani ya fremu.

Hela nitaandika baadae kidogo natoka.

---

ShotiUyole

Kaka Kihesa asante sana aisee, hilo la kinyonga sikuwahi kulifikiria kabisa na nimekua nikiwaona tangu mtoto tukiwakimbia maana nyumbani walitwambia ni mkosi. Nasubiri la hela. Na droni je, naweza kuingia nayo Ruaha?

---

Tungamalenga

Salamu wote. Mimi ni mwongoza watalii upande wa Ruaha, nimeendesha timu za kupiga filamu mara nyingi. Droni usiingie nayo hifadhini hivi hivi, itachukuliwa getini na utajieleza. Droni ina vibali vyake TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na upande wa ulinzi, na hifadhini TANAPA wana utaratibu wao, kupiga kwa ajili ya filamu sio sawa na mtalii anayepiga kwa simu, kuna ada na barua. Nje ya hifadhi pia usidhani ni bure, kuna Bodi ya Filamu, anzia kwa afisa utamaduni wa wilaya yako atakuelekeza, misitu ya asilia kama Mlima Rungwe ipo chini ya TFS, wakala wa misitu, na maeneo ya Idodi na Pawaga kuna MBOMIPA, jumuiya ya vijiji ya wanyamapori. Alafu serikali ya kijiji, huyo mtendaji usimruke hata kama una barua ya wizara, anaweza asikuzuie ila hutapata ushirikiano wa mtu yeyote.

Sasa kwenye wanyama. Watu wanakuja Ruaha wanataka simba, na kweli simba wapo, eneo hili na viunga vyake linahesabiwa kuwa na karibu asilimia 10 ya simba waliobaki duniani. Ila mimi ningekuwa na kamera ningepiga maji. Ruaha Mkuu tangu 1993 kiangazi unakata, sehemu kubwa ya mto inabaki mchanga na madimbwi. Nenda mwezi wa tisa au wa kumi. Unakuta tembo jike kwenye mto mkavu anachimba kwa mguu wa mbele, anasukuma mchanga, anachimba tena, shimo likifika anaacha anasimama tu. Anasubiri maji yajichuje yapande. Anachota kwa ncha ya mkonga kidogo kidogo ya juu ambayo ni safi, watoto wanasukumana nyuma yake, mmoja akijaribu kuingiza mkonga pembeni anasukumwa. Akimaliza anaondoka, na hapo usizime kamera kama wengi wanavyofanya, maana shimo lile lile ndo wanakuja nyani, swala pala, ndege, kila mmoja kwa zamu. Timu moja ilifungasha vifaa tembo alivyoondoka nikawaambia kaeni, hawakunisikiliza.

Na hayo maji yanatoka wapi? Kwenu Mbeya. Usangu, Ihefu, mabonde ya mpunga Mbarali. Mchele mnaokula mjini na kiboko anayebanana kwenye dimbwi Ruaha wanakunywa mto mmoja. Usangu iliingizwa hifadhini 2008, kabla ya hapo 2006 wafugaji wengi walihamishwa kule, wakulima wana yao ya kusema, wafugaji wana yao, hifadhi ina yake na umeme wa Mtera na Kidatu nao unasubiri hayo hayo maji. Hiyo ni dokumentari ya wanyama na ni ya watu hapo hapo, huwezi kuitenganisha hata ukitaka.

Kingine kwa wewe unayependa mila na wanyama kwa pamoja. Huku vijijini kuna mradi wa wanyama wala nyama, ulianza 2009, wanavipa vijiji kamera za kufunga kwenye miti, kijiji chenyewe kinachagua watu wa kuzifunga, picha ya kila mnyama ina pointi zake na pointi zinageuka kuwa vitu vya shule, zahanati na dawa za mifugo. Simba aliyekuwa anaua ng'ombe, vijana wa wafugaji wa Kibarabaig walikuwa wanamwinda kwa mkuki ili wapate heshima, sahivi kuna vijana wale wale wanalipwa kuzuia asiuawe. Ongea na hao vijana, wakae wakueleze wenyewe walivyokuwa wanaimbiwa wakirudi na simba na sasa wanaimbiwa kwa lipi. Sijaona mtu wa lugha yetu amewakalisha akawauliza taratibu.

---

Binti_wa_Rungwe

Nimesoma yote nimefurahi, mimi ni mwalimu huku Tukuyu. Mdogo wangu wa Uyole nataka nikazie upande wa mila maana naona wote mmekimbilia wanyama.

Chukua huyo kipunji unayemtaja. Dunia ilimjua mwaka 2005 ilipotangazwa kisayansi, mwaka uliofuata wakasema hata ukoo wake ni wa peke yake, na miaka zaidi ya themanini ilikuwa imepita bila Afrika kupata kima wa ukoo mpya. Vizuri. Ila watafiti walianza kumtafuta mwaka 2003 kwa sababu wawindaji wa Kinyakyusa waliwaambia yupo. Wazee wetu walikuwa wanamjua, wanamsikia akilia msituni ule mlio wake wa kama honi na kubweka kwa pamoja, wanajua anakuja kula mahindi wakati gani. Sasa nioneshe filamu ambayo mzee mmoja wa hao amekaa kwenye kiti chake nje ya nyumba yake anaeleza kwa Kinyakyusa alivyomjua. Ndicho ninachokudai wewe. Mwache aongee lugha yake, Kiswahili kiandike chini. Mzee ukimlazimisha Kiswahili cha redioni anakuwa mtu mwingine, anakupa majibu mafupi ya kiofisi.

Alafu kuna suala la kuingia na kamera. Wewe umesema unapiga misiba. Kwetu msiba ni mambo makubwa, ngoma zinapigwa, watu wanacheza, mgeni anaona ni sherehe nzuri ya kurekodi. Huwezi kuchukua ile ukaiweka YouTube na kichwa cha habari cha kushangaza watu. Na misitu ya matambiko ipo huku, midogo midogo katikati ya migomba na chai, miti mikubwa imebaki humo kwa sababu watu waliiheshimu, kwa hiyo ni mila na ni mazingira kwa wakati mmoja, ila kuna sehemu mzee atakwambia kamera iishie hapa. Iishie hapo. Usijaribu kuvuta kwa lenzi ukiwa mbali ukasema sijaingia, umeingia.

Nenda Matema Jumamosi siku ya soko uone vyungu vya Wakisi vinashushwa kwenye mitumbwi, vimepangwa kwa nyasi visigongane. Alafu fuata vinakotoka, Ikombe. Kina mama wanafinyanga kwa mkono bila gurudumu, chungu kinazungushwa taratibu, kidole kilicholowa maji kinapita kwenye mdomo wa chungu mpaka unanyooka kama umekatwa kwa uzi. Wengine wana watoto mgongoni. Wanaongea muda wote kuhusu bei, kuhusu waume zao, kuhusu ziwa limechafuka. Kaa kwanza siku nzima bila kutoa kamera kwenye begi.

Na swali kwa kaka wa Kihesa, hawa watu mnawalipa? Maana huku wameshachoka, kila mwaka mtu anakuja anapiga picha anaondoka, picha ziko kwenye kalenda za watu na mama mwenyewe hajapata hata nakala moja. Mimi naona walipwe.

---

Mpiga_Kihesa

Nimerudi. Dada umegusa penyewe, nianze na hilo alafu hela.

Msimamo wangu, mtu simlipi ili aongee, kwa sababu ukimlipa aongee atakwambia unachotaka kusikia, na jirani yake kesho atakuwa na hadithi kubwa zaidi. Ila muda wake nalipa. Mama wa Ikombe akiacha kufinyanga siku nzima kwa ajili yangu amepoteza vyungu, hivyo vyungu navinunua kwa bei ya soko bila kupunguziwa. Mtu akinibebea vifaa ni kibarua analipwa kibarua. Na nakala lazima irudi, kwenye flashi, kwenye simu ya mtoto wake, au unarudi na projekta mnaangalia kijiji kizima uwanjani. Ile siku ya kurudi ndo wanakwambia ulipokosea jina la mti na jina la ukoo, kwa hiyo rudi kabla hujaitoa hadharani. Na ridhaa iandikwe, au isemwe mbele ya kamera kwa lugha yao, waelezwe itaoneshwa wapi.

---

Binti_wa_Rungwe

Kwenye kumlipa aongee bado sikubaliani moja kwa moja. Profesa akihojiwa analipwa posho, mzee anayejua dawa na misitu yote ya Rungwe analipwa soda? Ujuzi ni ujuzi. Ila hilo la kurudi na projekta nimelipenda sana, nalisimamia.

---

Mpiga_Kihesa

Nakuelewa dada, na kwa huyo mzee mtaalamu naona una haki, huyo ni mshauri wa filamu, aandikwe jina mwishoni na alipwe kama mshauri. Nakubali.

Sasa hela. Mdogo wangu, dokumentari yako ya moyoni miaka ya mwanzo haitakulipa, SowetoMjini hajakudanganya. Kinachonilisha mimi ni video za miradi. Mashirika ya mazingira, ya maji, ya kilimo cha chai na parachichi, hifadhi zenyewe, wote wanahitaji video fupi za kuonesha wafadhili wao, na wengi wanaleta mpiga picha kutoka Dar kwa sababu hawajui kuna mtu Mbeya. Pili timu za nje, zinahitaji fiksa, yaani mwenyeji wa kuwapangia mambo, asistenti, mtu wa sauti, mtu wa droni mwenye leseni, na wanalipa kwa siku na wanalipa vizuri. Usidharau kubeba tripodi, nilijifunza humo kuliko popote. Tatu klipu zako, ukiwa na picha safi za vitu visivyo na picha, kipunji, kinyonga wa Poroto, maua ya okidi ya Kitulo, watu watakutafuta kununua haki ya kuzitumia. Hapo soma mkataba. Kuna kampuni ilichukua kazi yangu kwa tamko kwamba ni ya mradi mmoja, nikaja kuiona kwenye matangazo mengine kabisa, na mkataba niliosaini ulikuwa unawaruhusu. Andika kwamba malighafi ni yako, wao wanapewa matumizi haya, kwa muda huu, basi. Na usajili Ofisi ya Hakimiliki.

Kwa hiyo usiache harusi. Msimu wa harusi piga harusi, Januari mpaka Machi harusi zikipungua ndo Kitulo imechanua, ratiba yenyewe imekupangia.

---

SowetoMjini

Sasa hapo mmeongea kitu ambacho hata mimi nimekielewa. Nilidhani ni kuacha yote na kuingia porini. Kaka Uyole kama ni hivyo mimi nina gari, ukipanda Kitulo niambie, nitakupeleka kwa mafuta tu, nimezoea njia ya Isyonje na ile ya Chimala kwenda Matamba zile kona hamsini na saba nazijua moja moja.

---

ShotiUyole

Wakuu sina la kusema zaidi ya ndaga fijo. Nimekaa na mama watoto nimemsomea yote, amesema hilo la kutokuuza vitu ndo limemfurahisha.

Nimefikiria hivi, mnirekebishe. Habari ya maji ya Usangu mpaka Ruaha naiona ni kubwa sana kwangu kwa sasa, ina serikali ndani yake, wakulima, wafugaji, nahitaji kuiva kwanza. Nataka kuanza na Kitulo na zile okidi zinazochimbwa mizizi. Mama yangu mdogo anaishi Tunduma, anajua chikanda inavyopikwa, wanasaga ule mzizi wanachanganya na karanga na pilipili inakuwa kama mkate wa nyama, inaliwa sana Zambia. Kuna kipindi mizizi mamilioni kwa mwaka ilikuwa inachimbwa huku inavushwa kwenda huko na moja ya sababu za Kitulo kuwa hifadhi mwaka 2005 ni hayo maua. Kwa hiyo naona naweza kupiga ua mlimani, mchimbaji aliyekuwa anachimba zamani, na jiko la Tunduma, vyote kwa lenzi nilizonazo. Dakika kumi hivi. Je mchimbaji atakubali kuongea maana ni kosa kisheria?

---

Tungamalenga

Wazo zuri kuliko yote niliyosoma humu. Kuhusu mchimbaji, usimwoneshe sura kama anaogopa, piga mikono yake na jembe, sauti inatosha. Na usitaje kijiji chake. Lakini tafuta pia askari wa hifadhi wa pale, wengine wametoka vijiji hivyo hivyo na ndugu zao walikuwa wachimbaji, hao wanaongea vizuri sana ukipata ruhusa ya mkuu wao. Barua ya TANAPA anza kuifuatilia sasa, usisubiri Desemba.

---

Binti_wa_Rungwe

Na usimfanye mchimbaji kuwa mwizi kwenye filamu yako. Muulize alikuwa anapata shilingi ngapi kwa debe na alikuwa anasomesha nani. Muulize pia mama yako mdogo anajua ile mizizi inatoka wapi. Mrekodi anavyojibu hilo swali, usilikate hata kama atanyamaza.

---

Mpiga_Kihesa

Hapo kwenye kunyamaza dada umenena, usikate.

Kingine, memori kadi ukishashusha kazi weka sehemu tatu, moja isikae nyumba moja na nyingine. Na kabla ya Januari nenda mlimani mara moja bila mpango wa kupiga chochote, ujue jua linatokea upande gani na wapi ukungu unakaa mpaka saa ngapi, ukungu wa kule unaweza kukunyima asubuhi nzima. Ukimaliza kukata toleo la kwanza nitumie inbox nitaangalia, nitakuwa mkali.

---

SowetoMjini

Mimi Jumamosi ya wiki ijayo nipo huru. Tutoke saa kumi na moja alfajiri, tujaze mafuta hapo Uyole, wewe njoo na chai ya chupa na koti zito maana kule ni baridi haswa.